Faili la Saa Nne

Mimi si mtu wa mizimu. Nalisema hilo mapema, maana nikianza kusimulia habari hii kuna watu husogeza viti na kuniangalia kwa macho ya huruma, nami huruma ya namna hiyo siitaki. Kazi yangu ni kompyuta. Nimepanga chumba Kashai, karibu na kijiwe cha bodaboda, na humo natengeneza mashine za shule na za maofisi. Wateja wananijua kwa ukali, lakini wanarudi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa muuguzi kwenye zahanati kisiwani Goziba. Kila siku aliandika wagonjwa wake kwenye kompyuta, na taarifa hizo zilitakiwa zifike nchi kavu, wilayani Muleba. Wenzake wa visiwa vingine walikuwa wanamkabidhi mwenye boti flashi, au wanapiga picha daftari na kuituma kwenye kundi la simu. Yeye alikataa katakata.

"Dada," aliniambia, "humu ndani kuna watu wana magonjwa ambayo hata wake zao hawajaambiwa. Leo nikampe nahodha kwenye flashi?"

Basi nikamfundisha njia yangu. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Unaandika scp, amri ya kutuma, kisha jina la faili, na mahali linapokwenda, unabonyeza kitufe. Faili linasafiri limefumbwa, hata wenye mnara hawawezi kulisoma. Mashine mbili zinatambuana kwa ufunguo: nusu iko kwake, nusu iko kwangu, na asiye na nusu yake hapokelewi. Alicheka sana siku ile, akasema kazi yangu ni uganga wenye cheti. Akaniapisha nisifungue hata faili moja. Nayatunza tu, mpaka mtu wa wilaya aje kuyachukua, ambaye ndiye mwenye nywila ya kuyafungua.

Mtandao wa kisiwani ni wa kubahatisha, na bando lake lilikuwa dogo. Kwa hiyo nikaiandikia mashine yake maagizo: kila siku saa nne asubuhi itume faili moja, moja tu, bila kumsubiri mtu. Likifika kwangu, simu yangu inatoa mlio mfupi. Nilizoea mno mlio ule. Nikiusikia nilijua mdogo wangu yupo, amekunywa chai, anahangaika na malaria za watu.

Jumanne moja boti aliyopanda kuja nchi kavu kufuata dawa haikufika. Walikuwa yeye na nahodha, basi. Jioni boti ilikutwa imepinduka, na ndani ya maji hapakuonekana mtu.

Nikapanda kwenda Kashozi, nyumbani kwetu, na usiku ule ule kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kikajaa watu. Kwetu, ziwa likimchukua mtu lisimrudishe, hatuachi hivi hivi. Unakatwa mgomba, unapimwa urefu wa mwenyewe, unafungwa lubugo, lile gome la mti lililopondwa likawa nguo, unazikwa kibanjani pale ambapo angezikwa yeye. Padri anasali, watu wanaondoka wakijua mtu wao ana mahali. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alisema mgomba utazikwa Jumamosi. Mama akasema hapana. Alisema hamziki mwanawe kwa kukisia.

Jumatano nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi na wanawake. Saa nne, simu ikalia kwenye mfuko wa gauni.

Mlio ule mfupi.

Kisu kikaanguka kwenye maganda. Nilitoa simu, nikaangalia. Faili limepokelewa, kutoka Goziba. Tarehe ya faili: leo, Jumatano, saa nne. Nikasema moyoni ni mashine tu, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kumenya. Alhamisi, saa ile ile, likaja lingine. Tarehe: Alhamisi.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Mtu asiyejua kompyuta angepaswa kuniuliza mimi, nami ningepaswa kumjibu kwa utaratibu. Lakini mtu akishataka jambo kwa moyo wote, akili yake inakaa pembeni. Nilijua maagizo niliyoandika. Nilijua pia kwamba mashine haiwezi kutuma faili ambalo halijaandikwa. Kama limeandikwa Alhamisi, basi yupo aliyeliandika Alhamisi. Nikamfuata mama chumbani, nikamwambia hivyo hivyo.

Mama hakulia. Aliinuka, akafunga kitenge vizuri, akatoka nje akamwambia baba mdogo mgomba usikatwe. Kisha akaingia jikoni mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akaanza kupika. Kila aliyemuuliza alimwambia, "Anaandika. Yuko mahali anaandika." Wanawake walinitazama. Nilitazama chini.

Ijumaa mlio ulikuja tena. Baba mdogo akaniita kando, chini ya mibuni.

"Binti, mimi hizo mashine sizijui. Wewe unazijua. Unaniambia kijana yu hai?"

"Nitaangalia, baba."

"Ulikuwa hujaangalia?"

Nikachukua bodaboda mpaka Kashai.

Kwanza nilimpigia mhudumu wa zahanati, mama mmoja anayefanya usafi pale kisiwani. Nikamuuliza kama kuna mtu anaingia chumba cha kompyuta. Akasema chumba kimefungwa tangu Jumanne asubuhi. Muuguzi hufunga mwenyewe kwa sababu ya siri za watu, na ufunguo alienda nao.

"Lakini waitu, mwenzangu," akasema, "ndani kuna kitu kinapumua. Mimi siendi tena upande ule. Na dirishani kuna mwanga wa kijani, unawaka unazima."

Nikamwambia ni feni ya kompyuta na taa yake, umeme wa sola bado unaipa nguvu. Akasema sawa. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba haikuwa sawa, na hata kwangu haikuwa, maana nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimejiachia njia ya kuingia kwenye mashine yake nikiwa Kashai, kwa ajili ya kumrekebishia mambo yakiharibika. Nikaandika amri. Ikakubali bila kuuliza chochote, kwa hiyo ndiyo yenyewe, si nyingine iliyojifanya yeye. Nikajikuta ndani. Mchana kweupe, pikipiki zinapiga honi nje, nami nimo ndani ya chumba kilichofungwa katikati ya ziwa, peke yangu, natembea kwenye makabrasha ya mdogo wangu. Niliiuliza mashine nani mwingine yumo. Jina moja tu: langu.

Nikafungua kabrasha la mafaili yanayosubiri kutumwa. Yalikuwa matatu.

Na hapo kila kitu kikawa wazi, nikatamani kisiwe wazi. Wiki kadhaa nyuma mnara wa kisiwa ulikuwa umeharibika siku sita. Aliniambia, nikasahau. Siku hizo zote aliendelea kuandika, mafaili yakajipanga foleni, na kwa kuwa mimi niliiamuru mashine itume moja kwa siku, tangu wakati huo alikuwa nyuma mafaili sita, kila siku. Tarehe je? Ukituma kwa scp bila kuongeza herufi moja ndogo, p, faili likifika linavaa tarehe ya siku lilipofika na kuiacha ile ya siku lilipoandikwa. Herufi moja. Sikuwa nimeiweka, niliona haina kazi. Kule kwake tarehe za kweli zilikuwepo: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Zote kabla ya boti.

Nilikaa pale mpaka bodaboda niliyemwambia anisubiri akaja kugonga mlango. Nilimfokea, maskini, hana kosa lolote.

Mama nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa chini kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, mbele yake, nikamweleza yote: foleni, tarehe, herufi. Sikujitetea. Nilimwambia, "Nimekudanganya, mama. Sikukusudia, lakini nimekudanganya. Aliyaandika kabla hajapanda boti." Nilikuwa nalia, na ninapolia huwa nakasirika, kwa hiyo nadhani nilimwambia kwa ukali.

Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza kwa Kihaya, "Yamebaki mangapi?"

"Matatu. Naweza kuyavuta yote sasa hivi yaishe."

"Usiyavute," akasema. "Yaache yaje yenyewe. Amezoea kumaliza kazi yake."

Baba mdogo alikasirika. Alisema watu wamekaa msibani siku nyingi, majembe yamelala, hakuna anayelima mpaka tuzike, na sasa tunasubiri kompyuta. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema watazika Jumanne, saa nne, na si kabla. Sijapata kumsikia akimwamuru mwanamume wa ukoo ule, na baba mdogo hakurudi kusema tena.

Jumamosi simu ililia. Nikampelekea mama, akaishika kidogo, akanirudishia. Jumapili ililia tukiwa tunatoka kanisani, watu wakageuka wote. Jumatatu ililia, na huo ulikuwa mlio wa mwisho. Niliingia tena kwenye mashine kwa simu, nikahakikisha. Kabrasha lilikuwa tupu.

Jumanne tulikuwa kibanjani mapema. Mgomba uliofungwa lubugo ulikuwa mrefu. Alikuwa mtu mrefu. Uliteremshwa kaburini, padri akasali, wanaume wakashika makoleo. Mama akainua mkono. Wakasimama.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Hakuna aliyeuliza anasubiri nini. Kibanja kizima kilijua. Watu wote wale, na huwezi kusikia hata kikohozi. Nilitoa simu nikaishika kiganjani mahali ambapo mama angeiona. Mimi ndiye niliyeliona kabrasha tupu kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyeandika maagizo yale, mstari kwa mstari, na nilijua kwamba hakuna kitu kilichobaki cha kutumwa. Nami nilikuwa naomba ilie. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuomba kanisani, huku nikiogopa, maana kama ingelia ningefanya nini na mgomba ule?

Saa nne ikafika. Ikapita dakika moja. Mbili. Tano.

Mama alinitazama. Nikatikisa kichwa.

"Basi," akamwambia baba mdogo. "Fukieni."