Mtoto Haombi Radhi kwa Jicho Lake

Siku yangu ya kwanza kazini, kliniki ya mama na mtoto pale Ujiji, Metroni alinikabidhi mizani ya kuning'inia na mtoto anayelia kama anachinjwa. "Mpime," akasema, akaenda zake. Nikampima. Mimi ni Mwamini, mzaliwa wa Ujiji, ukoo wetu wa Kimanyema, na uuguzi niliusomea kwa kumkaidi baba, aliyetaka niuze dagaa kama dada zangu. Kwa hiyo mkinisoma mkaona nina mdomo, msishangae. Nilianza kazi nikiwa nao.

Metroni alikuwa mwanamke mrefu, mkali, na ndiye aliyenifundisha jambo ninalotaka wauguzi wa leo walisikie. Waliletwa kliniki watoto wanaopepesa macho mfululizo, wanaokunja pua, wanaotikisa bega, wanaokohoakohoa bila mafua. Vitabu vyetu viliita hali hiyo tiki: misuli inacheza yenyewe, ghafla, tena na tena, na mtoto hakusudii. Metroni alianza kwa kufunua kope kutafuta kikope, ule ugonjwa unaofanya kope zilichome jicho. Kisha alimpa mtoto maharage achambue, akaketi ubavuni mwake, si mbele yake, akawa anapiga naye soga.

"Kifafa mara nyingi humchukua mtoto," aliniambia. "Utamwita, hayupo. Huyu namwita, ananijibu, na mikono haijaacha maharage. Usimpe dawa ya kifafa mtoto ambaye hajaondoka." Akiwa na shaka alimpeleka kwa daktari, na hakuona haya kusema hajui.

Vita vya ng'ambo, kwa Warundi, vilipopamba moto na watu wakawa wanashuka Kagunga, mpakani, kwa maboti, nilihamishiwa zahanati ya kambi ya wakimbizi, huko juu ukishaipita Kidahwe. Mkubwa wangu hapo alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ndiko nilikoletewa Kaneza, mtoto wa Kirundi wa miaka kama saba.

Jicho lake la kulia lilikuwa likifumba na kufumbua, na mdomo ukibetuka. Sasa fikirini wenyewe. Kwetu sote, Waha, Warundi na sisi wa Ujiji, mtoto hamkazii macho mkubwa. Akiamkia huinamisha uso. Kumkonyeza mtu mzima ni utovu wa adabu, na kwa mtoto wa kike ni aibu juu ya aibu. Kubetua mdomo ndilo tusi la wanawake walionuniana bombani. Basi mtoto wa watu akawa anawatukana wakubwa wote wa kambi bila kusema neno. Mwalimu Mkuu alikuwa amemtoa shuleni mpaka aje aombe radhi mbele ya wanafunzi wote, tena aombe uso ukiwa umetulia.

"Sista, nimemupiga, nimemusemesha, haachi," mama yake aliniambia. "Majirani wanasema ni shetani. Kuna mzee atamukata chale hapa juu ya jicho, amupake dawa. Akipona atarudi ku shule."

"Lini?"

"Kesho kutwa."

Wembe juu ya jicho la mtoto! Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka, lakini hasira haipimi mgonjwa. Nikafunua kope, zilikuwa safi. Nikampa maharage, nikaketi ubavuni.

"Kaneza, kabla jicho halijafumba unasikia nini?"

"Linawasha ndani, Mama. Kama chafya. Nikilizuia linakuja kwa nguvu."

"Na ukiambiwa acha?"

"Ndiyo linazidi."

Nikamgeukia mama yake. "Si shetani, si jeuri, wala si malezi yako. Ni tiki, misuli inacheza yenyewe. Hofu na uchovu huichochea, na kusemwasemwa huichochea zaidi. Huenda ikaisha akikua, huenda isiishe. Kwa sasa tiba yake ni kumwacha."

"Kumuacha tu?"

"Kumwacha ni kazi, Mama Kaneza. Kumkata chale ni rahisi zaidi."

Nilipoomba ruhusa ya kwenda shuleni, Mganga Mfawidhi aliweka kalamu chini. "Sista Mwamini, nina wagonjwa wa kuhara mpaka nje uwanjani, na wewe unaniombea ruhusa ya jicho?"

"Naiomba kabla jicho halijawa kidonda."

Akapumua. "Nenda. Ukigombana huko, mimi sikukutuma."

Mwalimu Mkuu alikuwa mkimbizi kama wanafunzi wake, mtu mzima aliyevaa kaunda suti iliyonyooshwa pasi hata kwenye vumbi lile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sista, nyumba nimepoteza, shule nimepoteza. Heshima ndiyo iliyobakia kwa watoto hawa. Nikiiachia na hiyo, nitawafundisha nini?"

Sikumdharau. Alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini sikurudi nyuma. "Heshima yako haijaguswa, Mwalimu. Mtoto haombi radhi kwa kupiga chafya, na kwa hili pia hataomba."

"Wengine watamuiga."

"Waache waige. Wao watachoka. Yeye hawezi kuacha hata akichoka."

Nilikuwa nimekuja nao wote wawili, na Kaneza alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake, uso ukicheza kwelikweli. Mwalimu Mkuu alimwita ubaoni amsomee. Jicho likawa linafumba, mdomo unabetuka, na sauti haikukatika hata mara moja. Alisoma mpaka mstari wa mwisho. Mwalimu Mkuu akachukua kitambaa akafuta ubao mwenyewe, ametugeuzia mgongo.

"Akae pale dirishani," akasema. "Mimi nitatazama daftari lake."

Radhi haikuombwa. Watoto wakamuiga kweli, darasa zima likapepesa, kisha wakachoka wakarudia mpira wao wa matambara. Yule mzee wa chale alikuja na wembe wake, Mama Kaneza akamwambia arudi nao. Bombani, wanawake walipoanza minong'ono, Mama Kaneza alitua ndoo yake. "Ego, ndiyo, anapepesa," akawaambia. "Ni wangu." Nilikuwepo, na nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Buzebazeba, na bado naletewa wajukuu. Bibi mmoja anataka nimtishe mtoto, mwingine anataka nimfunge kitambaa usoni. Dua siikatazi, mimi mwenyewe naomba. Nakataza kofi, nakataza wembe, na nakataza ule wimbo wa "acha, acha, acha" kutwa nzima. Wakinuna, na wanune. Nyumba ni yangu.

Watu huniuliza kama Kaneza alipona. Swali lenyewe linaniudhi, lakini nitalijibu. Miaka baadaye, watu wa kambi walipokuwa wakiandikishwa kurudi kwao, nilikuwa zamu karibu na meza ya karani. Zamu ya Kaneza ilipofika, naye amekuwa msichana mkubwa, karani aliinua uso akakunja ndita.

"We binti, acha kunikonyeza."

Nikafungua mdomo wangu huu mnaoujua. Kaneza akaniwahi.

"Sikukonyezi. Jicho langu linafumba lenyewe. Naitwa Kaneza. Andika."

Akaandika.