Siku Niliyojisifu kwa Mdomo wa Kaka Yangu

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa bodaboda wa Kasulu, maana wao wanasema nilifungwa pingu, na pingu sikufungwa. Aibu ilitosha bila pingu. Na hasira bado ninayo, kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie.

Mimi sikukosa akaunti ya benki, niliikataa. Chuoni nilikuwa nayo, nikaacha humo vijisenti, nikarudi baada ya likizo nikakuta sifuri, nikauliza, dada wa dirishani akasema ni makato ya kuendesha akaunti. Nikamuuliza inaendeshwa kwenda wapi wakati ilikuwa imelala tu. Hakucheka (wala mimi sikuwa natania). Tangu siku ile nikasema hela yangu nitatembea nayo mfukoni, na anayeniona mshamba aendelee kuniona.

Mwaka huu nikapata kibarua cha miezi miwili Kibondo, cha kutafsiri kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihoji wakimbizi, kazi rahisi kwa Muha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Kazi nimeifanya, jasho limekauka, ndipo mhasibu ananiambia bila akaunti halipwi mtu. Nikauliza kwa nini. "Utaratibu." Umewekwa na nani? "Utaratibu, kijana." Hata kwa simu haiwezekani? "Lete namba ya akaunti au uache." Mtu mwenye akili angeenda kufungua akaunti. Mimi nikaandika namba ya Bukuru.

Bukuru ni pacha wangu. Sisi Waha hatuhangaiki na majina ya mapacha: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na Butoyi ndiye mimi, niliyechelewa dakika chache nikaitwa mdogo maisha yangu yote. Tunafanana hadi mama hutaja majina yote mawili na kungoja atakayeitika. Bukuru yuko Tabora kwenye tumbaku, kadi yake aliiacha nyumbani Nyakitonto pamoja na nakala ya kitambulisho, akaunti yake haijaunganishwa na simu, basi akanitajia namba ya siri kwenye simu iliyokuwa ikikatakata, na Alhamisi nikashuka Kasulu kutoa hela. Mashine ikaikataa namba mara ya kwanza, ikaikataa mara ya pili, na ya tatu ikameza kadi.

Mngeijua haraka niliyokuwa nayo mngenihurumia. Jumamosi ile wajomba zangu walikuwa wapeleke barua yangu ya posa kwa kina Editha, binti ninayetaka kumwoa, na barua haiendi mikono mitupu. Hela ya kishika uchumba ndiyo hiyo iliyokuwa benki. Baba yake, Mwalimu Barnaba, alishanikataa mara moja, akalainishwa na mkewe, akataja Jumamosi hiyo na kusema ikipita asisikie tena habari zangu.

Nikaingia ndani. Ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni ya wastaafu imejaa hadi mlangoni. Nilipofika dirishani nikatoa nakala ya kitambulisho cha Bukuru. Kijana wa benki akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye Bukuru?"

"Ndiye mimi."

Nyuma yangu sauti ikanisalimu kwa Kiha, "Butoyi, mwakeye. Siku hizi salamu zimepanda bei?"

Alikuwa Mwalimu Barnaba, amekuja kuchukua pensheni. Hebu fikirieni: mbele yangu kijana wa benki, nyuma yangu baba mkwe, na kila mmoja ana jina lake anataka niliitikie.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi Bukuru."

"Marahaba. Kumbe umerudi. Umekuja kwa ajili ya Jumamosi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akasogea, akashusha sauti (sauti ya mwalimu hata ikishuka inafika getini). "Afadhali nimekupata. Niambie kama mtu mzima mwenzangu, huyu mdogo wako anaaminika? Ananibishia kila kitu. Juzi ameniuliza kwa nini posa iletwe kwa baba na si kwa mama. Na nasikia hata akaunti hana, mtu wa chuo kikuu."

Ningeweza kusema kamuulize mwenyewe. Lakini mtu akiombwa ajieleze bila kujulikana, nani ataacha?

"Mwalimu, mimi nimelala naye tumbo moja. Kubisha anabisha, ila hajawahi kusema uongo. Tangu utotoni tukikosea, yeye ndiye aliyekuwa akikiri." (Uongo mtupu.) Nikanogewa, nikasema Butoyi ana heshima, hanywi, na binti atakayempata ashukuru Mungu. Wastaafu wawili walitikisa kichwa kuafiki.

"Weka kidole hapa," kijana wa benki akasema.

Nikaweka. Kimashine kikalia. Nikakifuta kidole kwenye suruali, kikalia tena. Nikajaribu kingine.

"Labda ni kazi ya shamba," nikasema. "Tumbaku inakwangua vidole."

"Kaka, alama zinaonekana vizuri kabisa. Ila si za Bukuru."

Sikujua kwamba mapacha hutofautiana vidole. Miaka mitatu ya chuo kikuu, na hilo sikulijua.

Mlinzi akaja, akanikamata mkanda wa suruali mbele ya wastaafu wa wilaya nzima. Mama mmoja akasema, "Ndio hawa wanaotuibia." Mlinzi akauliza, "Kuna anayemfahamu huyu?"

Mwalimu Barnaba alivua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

"Mwachie. Namfahamu, anaitwa Butoyi. Ni kijana mkweli, hajawahi kusema uongo. Kaka yake kanihakikishia sasa hivi."

Benki nzima ilicheka. Kicheko cha mlinzi ndicho kilichoniuma zaidi, maana alicheka huku bado ameshika mkanda.

Nikamfuata Mwalimu hadi kwenye baiskeli yake, nikamweleza habari za mhasibu, za utaratibu, za makato, zote za kweli. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo nakubali," akasema. "Hata mimi wananikata kila mwezi. Lakini mimi nilikuuliza habari za mtu anayetaka kumwoa mwanangu, ukanitazama machoni, ukajibu." Akapanda baiskeli. "Jumamosi usiwasumbue wajomba. Bukuru akirudi, mje wote wawili. Nitamuuliza yeye."

Akaunti nimeshafungua, kwa jina langu, na mwezi wa kwanza tu wamenikata. Bado nasema ni wizi, na nitausema wizi huo dirisha kwa dirisha. Lakini nimeapa sitaazima tena jina la mtu, hata la yule niliyezaliwa naye. Bukuru anarudi mwezi ujao, tumbaku ikishauzwa. Mwalimu atamuuliza kama mimi ni mtu wa kuaminika, na Bukuru hajui kudanganya.