Mwisho Ni Sitini

Siku yangu ya kwanza kazini, Kigoma, nilivaa viatu vya ngozi na kubeba stashahada yangu ya uvuvi ndani ya bahasha, nikidhani Mkuu wa Kituo angependa kuiona. Hakuifungua. Alinipandisha botini, tukaenda hadi maji yakawa karibu meusi, akanipa fimbo ndefu nyembamba na kuniambia nitupe uzi.

"Sasa hesabu kwa sauti," alisema.

"Nihesabu nini, mkuu?"

"Hesabu mpaka ufike. Karatasi yako tutaisoma tukirudi."

Nawaeleza vijana mnaoanza kazi hii. Nzi tunayemvulia hana uhai. Ni ndoana iliyovishwa manyoya ya kanga au ya jogoo, ili majini aonekane kama mdudu au dagaa. Ni mwepesi mno kurushwa peke yake. Kinachorushwa ni uzi wenyewe, mnene, unaopepea nyuma na mbele kabla ya kulala majini. Wengi wanaujua uvuvi huu kwenye vijito. Kwenye kina kirefu cha ziwa tunatumia uzi wa kuzama, wenye unga wa madini mazito ndani yake. Wangu hushuka karibu shibiri moja kwa kila hesabu. Mmoja akimpata samaki kwenye themanini, mwenzake naye anahesabu themanini, na wote wanavua tabaka moja. Macho hayana kazi huko. Unachojua cha chini unakijua kwa kidole kinachogusa uzi.

Niliijua kazi hiyo haraka kuliko yeyote aliyepita kituoni pale. Baada ya miaka sita Mkuu wa Kituo alinipendekeza niende Skotilandi, mimi peke yangu kati ya maofisa wote, na huko niliongoza wageni kwenye maziwa baridi yenye kina cha kutisha. Mtoto wa mkulima wa tangawizi, bila mjomba serikalini. Niliporudi nilijenga kwetu Bombo, milimani, nyumba ya vigae ambayo hadi leo watu wakitoka kanisani hupunguza mwendo waitazame.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa bwawa lililo kwenye tambarare, chini ya milima yetu. Jina silitaji, wenyeji wa Same watalijua. Meneja wa Kambi ya wageni wanaokuja kuvua aliniajiri kwa majaribio niwe Mwongozaji Mkuu, na akanipa nahodha, Mzee Elinihaki wa Hedaru, mtu mwembamba aliyepiga kasia bila kutoa sauti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamchukua nzi wangu kiganjani na kumgeuzageuza.

"Mwanangu, huyu amevaa vizuri kuliko mimi," alisema.

Mzee alikuwa na sharti moja. Popote bwawani ningehesabu nitakavyo, lakini kwenye ghuba iliyo chini ya kilima chekundu mwisho ulikuwa sitini. Nilimwambia kwamba kwa vipimo vyangu sakafu pale ilikuwa mia na kumi, na kambare wakubwa hulala chini. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaeleza kwamba kabla ya bwawa kujaa pale palikuwa na kijiji, na yeye alizaliwa hapo. Waliohamishwa ni walio hai. Makaburi mengi yalibaki, na la mama yake lilikuwa kando ya mlango wa nyumba yao.

"Sitini ndipo lilipokuwa paa la nyumba ya juu kabisa mtelemkoni," alisema. "Ukipita hapo umeingia ndani kwa watu."

Nilimjibu kwamba paa lilikwishaoza zamani.

"Mtu haingii nyumbani kwa mwenzake kwa sababu paa limeoza. Nakuomba hilo tu, mwanangu. Mama yangu asisumbuliwe."

Nilikubali, na kwa miezi mitano nilitimiza. Kisha akaja mgeni mmoja, daktari wa meno kutoka Ulaya, mvuvi hodari, na kwa siku tatu hakupata kitu. Meneja aliniita ofisini. Alisema anajua habari za ghuba, na anajua pia kwamba msomi mzima nimekubali kutawaliwa na hadithi za mpiga kasia.

"Mgeni akirudi mikono mitupu, majaribio yako yameishia hapo," alisema.

Asubuhi iliyofuata tuliingia ghubani. Ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, kilima chekundu hakionekani. Mgeni alitupa uzi upande wake, nami wangu. Nikahesabu. Nilipofika sitini Mzee alinitazama. Sikumtazama. Nikasema sitini na moja.

Ndege walikuwa wakilia kwenye matete. Sikumbuki walinyamaza lini. Kwenye sabini maji kuzunguka boti yalikuwa laini kama mafuta. Kwenye themanini uzi ukawa baridi kidoleni, baridi iliyopanda kutoka chini, na nimeshika uzi Skotilandi wakati wa theluji, kwa hiyo najua ninachosema. Kwenye tisini na mbili ukasimama.

Samaki akishika hutikisa kichwa, na uzi ukinasa kwenye kisiki hukaza mara moja. Hiki hakikutikisa wala hakikukaza. Kiliuvuta uzi taratibu, kama mtu anayekunja nguo, na nyuma yangu nikasikia gurudumu la fimbo ya mgeni, lile linalokunja uzi, nalo likizunguka polepole. Boti ikainama upande wangu, kisha upande wake, kisha ikatulia katikati na kuanza kushuka. Naandika nilichokiona. Maji yalipanda hadi vidole vinne chini ya ukingo, na ndani ya boti hapakuwa na tone.

Mzee aliweka kasia chini. Akashika nyuzi zote mbili, mkono huu na ule, akainamia maji na kuongea Kichasu, lugha ya milima yetu, kwa sauti ya chini. Alijitaja ni mtoto wa nani. Alisema hawa ni wageni, hawakupiga hodi, na kosa ni lake yeye aliyewaleta.

Nyuzi zikalegea. Boti ikapanda.

Tulipozikunja, nzi hawakuwepo. Uzi ukikatika kwa nguvu, ncha hujikunja kama mkia wa nguruwe. Ukikatwa na meno, ncha huchakaa. Ncha zetu zilikuwa nzima, zina alama za mikunjo pale fundo lilipokuwa. Mgeni alikuwa amefunga fundo la kwao, mimi la Kigoma. Yote mawili yalikuwa yamefunguliwa. Mgeni alizitazama ncha zile kwa muda, akaniomba turudi ufukweni, na mchana uleule akapanda basi.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimempa kazi ya uzee, kwenda kumtuliza mama.

Meneja alitaka ramani ya bwawa, ghuba ikiwemo, yenye kina cha kila mahali, ili wageni waende wenyewe. Niliichora, mtu mwenye stashahada na miaka yote ile, na penye ghuba nikaandika: hesabu sitini, sakafu ya tope, hapana samaki. Niliweka sahihi. Ndio uongo pekee niliowahi kuandika kazini. Meneja aliusoma, akaikunja ramani, na ajira yangu haikuendelea. Nilipompelekea Mzee habari, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alifariki kitandani kwake, Hedaru, na kabla ya hapo hakuna aliyerudi kuvua pale.

Sasa nimestaafu, na waongozaji vijana hupanda Bombo kuniuliza mambo, kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza. Mwezi uliopita walikuja wawili wenye kipima kina cha kisasa, kile chenye kioo, kinachotuma mlio chini na kusoma sakafu. Walinisifu kwamba ramani yangu ni sahihi kabisa. Ghubani kifaa chao kinasoma mita kumi na tatu, tope, kila walipopita, na hakuna samaki.

Nilizigeuza mita zile kuwa shibiri kichwani, mara mbili, zikatoka karibu sitini, si mia na kumi nilizopima. Bwawa halijai tope kiasi hicho kwa miaka michache. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine. Niliwaambia waandike walichokisoma, wala wasipite tena pale, na wakiulizwa sababu waseme ni agizo langu.