Binti Yangu Anataka Sauti ya Baba Yake, Minye Naogopa Kuituma

Admin, jina langu ulifiche, hata herufi ya kwanza usiweke, maana hapa Uvira tunajuana sana na binti yangu anafuata ukurasa huu. Mimi, minye kama tunavyosema huku, ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nakaa mtaa wa Rugenge, nauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Haya maneno siyaandiki kwa kidole. Nayasema, simu inayaandika yenyewe. Simu hii kubwa alinitumia binti yangu, tumwite Furaha, toka Lubumbashi, na kweli nilishangaa, nikasema wazungu wamefika mbali. Ubaya wake ni mmoja. Nikinyamaza kidogo kutafuta neno, inajizima. Inadhani nimemaliza.

Bwana yangu asingeiweza. Alikuwa mvuvi na alikuwa na kigugumizi, si cha mchezo. Salamu tu ilimtoa jasho. Kanisani hakusimama hata siku moja kutoa ushuhuda, alinisukuma kwa kiwiko, "Se-se-sema weye." Alichukia mtu kumalizia neno lake, kwa hiyo minye sikummalizia. Miaka thelathini na moja nilimngoja mpaka afike mwenyewe.

Mwezi uliopita mwaka ulitimia tangu afariki, tukafanya misa, tukaondoa matanga. Siku hiyo watu wakishakula, kila mmoja anasimama kumkumbuka marehemu, na wale waliofanya naye kazi wanaiga alivyokuwa anaongea. Wavuvi wenzake wakamwiga siku alipotaka kusema "vuta wavu" na wavu ukavutwa, samaki wakamwagwa, watu wakagawana, yeye bado yuko kwenye "vu-vu-vu". Eheee! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilijisikia kama yuko pale nyuma ya nyumba anashona nyavu zake.

Ndipo Furaha akaunganisha simu yake na bafle kubwa la muziki, akaweka video. Ni ule mtindo wa siku hizi mtandaoni: unachukua picha ya marehemu, aplikasyo inamfanya apepese macho na kuongea. Baba Furaha akatokea amevaa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, akasema mbiombio bila kukwama popote, "Familia yangu wapendwa, msilie, niko mahali pazuri." Watu wakapiga vigelegele, wakainua simu zao kurekodi. Minye nikapiga kelele mbele ya wageni wote, "Zima hiyo! Huyo muntu simujui!"

Furaha alikimbilia jikoni analia. Nikamfuata nimgombeze, akanitangulia kusema. "Mama, Baba alichekwa maisha yake yote. Hata leo kwenye matanga yake bamemucheka. Nilitaka mara moja tu aongee bila bantu kumucheka." Jamani, neno hilo lilinichoma, na mpaka leo linanichoma. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto alikuwa anasikia kile kicheko kwa namna nyingine. Lakini hasira ilikuwa ingali juu, nikamjibu, "Weye baki na wako wa aplikasyo. Minye niko na sauti yake ya kweli." Hapo ndipo nilipojiponza.

Sauti hiyo iko hivi. Zamani aliponinunulia kile kisimu changu cha vibonye, alitaka kukijaribu kama kinaita. Akabonyeza bonyeza, kumbe amebonyeza pa kurekodi. Akakiweka mdomoni, minye nimesimama karibu naye kabisa, akasema, "Ma-Ma-Mama Furaha, u-u-umekula?" Minye nikacheka, nikamwambia, "Weye, niko hapa! Unaniita kwenye simu ya nini?" Basi, imekwisha. Ni sekunde kumi na moja. Kila saa sita mchana nikishasonga ugali, naifungua kabla sijanawa. Wenzangu, msinicheke. Katika nyumba hii hakuna mwingine wa kuniuliza kama nimekula.

Sasa Furaha anaitaka. Tangu arudi Lubumbashi hanipigii. Kwenye grupu ya familia nikituma salamu, wadogo zake wananiwekea kidole gumba, yeye hata hicho haweki. Nikimtumia sauti, naona ameisikiliza, kimya. Ujumbe wake ni ule ule: "Mama, nitumie ile sauti ya Baba." Nikamuuliza ataifanyia nini. Akasema ataipa aplikasyo, ijifunze sauti ya Baba yenyewe, aongee vizuri, watoto wake wamsikie babu yao, na hata minye nitaweza kuongea naye kila siku, nikiuliza anajibu. "Hautakuwa peke yako tena, Mama." Ee Mungu wangu. Nilikaa na simu mkononi mpaka ndagala wakaungua.

Kisimu kimeanza kuzimika chenyewe, kwa hiyo nilikipeleka kwa fundi, akanihamishia ile sauti kwenye simu hii kubwa. Iko hapa. Ni kubonyeza mara moja tu, binti yangu anarudi kwangu. Jana nusura nibonyeze. Nikamwandikia, "Nitatuma, lakini usimuharibu." Safari hii akajibu haraka, na maua juu: "Usiogope Mama. Aplikasyo itaondoa kigugumizi, na yale makelele ya nyuma yote itayasafisha. Atabaki Baba peke yake."

Nikaifungua tena nisikilize makelele gani anayosema. Nilisikiliza mara tatu. Hakuna pikipiki inayopita, hakuna kuku, hakuna redio ya jirani. Kuna yeye, halafu kuna minye nacheka.

Ninyi mnaosoma, wenye wazazi na wenye watoto, niambieni. Nikimnyima, nampoteza mtoto aliye hai. Nikimpa, wananitoa pale karibu na bwana yangu. Nishaurini, nibonyeze ao nisibonyeze? Nitasoma majibu yote, hata ya matusi. Ugali uko tayari, nangoja.