Plasta Nyuma ya Kadi

Siku ile ningesema hapana, leo ningekuwa na habari nyingine za kusimulia. Mama mwenye duka alinyoosha mkono juu ya kaunta, akasema, "Kadi, baba yangu," nami nikaitoa kadi ya benki ninayochukulia pensheni, nikampa. Akauliza namba ya siri. Nikamtajia. Akakata kipande cha plasta ya vidonda, akaandika namba juu yake, akakibandika nyuma ya kadi. Kisha akafungua kopo la maziwa ya unga. Ndani mlijaa kadi zilizofungwa kwa mipira: za walimu, za wauguzi, za wastaafu wenzangu. Yangu ikatumbukia humo.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Hapa ni salama kuliko mfukoni mwako."

Hapo hakukosea. Siku moja kabla, mke wangu alikuwa amenipa pesa nikamnunulie dawa ya macho. Ana presha ya macho, na daktari pale hospitali ya Kitete alimwambia mbele yangu: matone kila jioni bila kuruka, kwa sababu ugonjwa huu ukishaua jicho, jicho halirudi. Nilisikia vizuri. Nikatoka na pesa, nikapita kijiwe cha kahawa karibu na stesheni, na pesa yote nikaiweka kwenye mkeka, maana ndivyo vijana wanavyoiita orodha ya mechi unazozibashiri kwa pamoja. Mechi zote zikaenda nilivyotaka isipokuwa moja. Ikikosa moja, mkeka wote umechanika.

Kwa hiyo nilikwenda kukopa kwa yule mama, kadi nikaiweka rehani, ili ninunue dawa. Hilo lingeeleweka. Lisiloeleweka, hata kwangu mwenyewe nikilifikiria leo, ni kwamba nilipotoka dukani sikwenda duka la dawa. Nilirudi kijiweni. Nilitaka kwanza niirudishe ile ya jana, na mkeka huo nao ukachanika.

Nilikuwa karani wa mizigo wa reli. Maisha yangu yote ya kazi nilisoma ratiba, na treni ikichelewa niliweza kukwambia imekwama wapi. Nilipostaafu nikajidanganya kwamba mpira nao una ratiba, ni kuisoma tu. Vijana wa kijiweni walinivimbisha kichwa. "Mzee, wewe ni mtaalamu! Tupe timu ya uhakika!" Niliwapa. Wao walikuwa wanaweka pesa ya soda. Mimi nilikuwa naweka pensheni, na nyumbani nilisema pensheni imechelewa.

Mke wangu aliamini. Nani asiyeamini kwamba pensheni imechelewa?

Jioni moja nilimkuta ukumbini ameshika kichupa cha dawa, anakitazama bila kukifungua.

"Mbona huweki?"

"Niliweka jana. Leo napumzisha. Si umesema pesa haijatoka? Nabana mpaka itoke."

Nilikaa chini. Nikamweleza habari ya mikeka. Alinigombeza hadi jirani akazima redio ili asikie vizuri. "Mzee mzima! Unashindana na watoto wa kijiweni! Hata mpira wenyewe hujawahi kuucheza!" Akachukua simu yangu ya kupangusa, akanipa kitochi, kisimu cha vibonyezo kisichoweza kubeti hata kikitaka. Tangu siku hiyo sijabeti. Haikuwa rahisi. Ikabidi niache kupita ile njia ya stesheni, nizunguke mbali, kwa sababu vijana walikuwa wananipigia mbinja: "Mzee, rudi! Tumekuachia ya uhakika!"

Lakini nilikiri nusu. Mikeka niliitaja, kadi sikuitaja. Niliona aibu kumwambia kwamba pensheni yangu iko kwenye kopo la maziwa la mtu mwingine. Nikajiambia nitalimaliza deni kimyakimya, halafu yataisha. Kwa hiyo nyumbani pensheni ikaendelea kuchelewa, na mke wangu akaendelea kubana matone.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda benki. Mama mwenye duka alifika na furushi la kadi, akasimama mbele ya mashine, akizitumbukiza moja baada ya nyingine. Sisi wazee tulikaa kwenye ukingo wa bustani ya maua tukisubiri tuitwe, kama wagonjwa. Aliponifikia alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba yangu."

"Marahaba."

Akanipa noti chache.

"Mama, hii ni nini? Mwezi uliopita ulisema deni limefika nusu."

"Lilifika, baba. Halafu riba ikalipandisha."

"Nina mgonjwa nyumbani. Niachie mwezi huu mmoja tu, ninunue dawa."

"Nikikuachia wewe, hawa baba zangu wote nitawaambia nini?" Akawaonyesha wale wa kwenye ukingo. Wakatazama chini. "Mwezi ujao tutaangalia, baba. Msalimie mama."

Hasira zilinijaa, na sikujua nizipeleke wapi. Aliniamkia kwa heshima zote, mkononi ameshika kadi yangu. Na kadi hakuniibia. Nilimpa mwenyewe, na namba nikamtajia mwenyewe. Ningeweza kwenda benki nikaripoti imepotea, wapo waliofanya hivyo, lakini ningeulizwa, na mke wangu angejua. Nikaona afadhali asijue. Mpaka leo sielewi niliona afadhali kwa nani.

Msimu wa asali, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kutoka Sikonge na madumu kwenye baiskeli. Kila mwaka yeye hurina, mke wangu huchuja na kuuza, wakagawana. Siku hiyo tulikaa uani sote watatu. Mke wangu akainua jagi, akaanza kujaza chupa. Asali ikapita pembeni ya mdomo wa chupa, upande wa kushoto, ikatiririka mezani, ikafika ukingoni na kumwagikia miguuni. Yeye akaendelea kumimina.

Shemeji akamshika mkono. "Dada, huoni?"

"Naona," mke wangu akasema. Akapapasa meza. "Nilidhani naona."

Hapo nikasema yote, asali ikiendelea kudondoka. Duka, kopo, plasta, benki. Mke wangu hakugombeza. Alisema tu, "Kwa hiyo haikuwahi kuchelewa," akaenda ndani kunawa.

Shemeji ni mtani wangu, na hata siku hiyo hakunisamehe utani. "Shemeji, babu zetu walibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na walilipwa. Wewe mzigo wa yule mama umeubeba bure, tena ukampa na mke wangu aubebe." Hakucheka. Katika utani wetu yeye humwita dada yake mke wake, lakini siku hiyo hapakuwa na mzaha wowote.

Wiki hiyo aliuza asali yote kwa mkupuo kwa mchuuzi mmoja, kwa bei ya kutupa, pamoja na ya mizinga ambayo alikuwa hajairina. Tukaenda naye dukani. Mama mwenye duka akahesabu, akafungua kopo, akanirudishia kadi. "Karibu tena, baba yangu," akasema, na nadhani hakuona ubaya wowote katika kusema hivyo.

Plasta ilikuwa bado imenata. Niliibandua kwa kucha.

Pensheni ya kwanza niliyoichukua kwa mkono wangu, tulikwenda nayo Kitete. Daktari alipima macho yote mawili, akarudia la kushoto, akazima tochi yake. Akaandika dawa ya jicho la kulia peke yake.

Kadi ninayo, na namba ya siri siku hizi anayo mke wangu, mimi siijui. Deni limekwisha. Nilichompa yule mama siku ile juu ya kaunta kilikuwa jicho la kushoto la mke wangu, na hilo halikombolewi.