Upande wa Muhogo

Theopista wa Shanwe ni kipa, na kama hujawahi kumwona mama wa watoto watatu akiruka kama paka aliyemwagiwa maji, pole yako. Asubuhi anauza maandazi, jioni anavaa glavu. Mama mkwe wake, Romana, halipendi jambo hilo hata kidogo.

"Mke wa mtu anajigaragaza mchangani! Makubwa haya."

Lakini ukipa wenyewe Theopista aliupatia uani kwa huyo huyo Romana. Alipoolewa alimkuta wifi yake, Edina, binti aliyekuwa anapiga mpira tangu utotoni, naye akamgeuza kuwa kipa wake. Goli lao lilikuwa nguzo mbili za kamba ya kuanikia nguo. Pembeni mwa nguzo ya kushoto Romana alikuwa akitandaza jamvi la muhogo. Mpira ukitua kwenye muhogo, weee! Mwiko ulikuwa haujui nani binti nani mkwe. Basi Theopista alizoea kusimama akiegemea upande wa muhogo, aulinde, na Edina akawa anamfunga upande wa pili mpaka anachoka kushangilia.

Kisha Edina akaolewa Kakese, akawa straika wa timu ya huko. Jumapili hii Shanwe na Kakese wakakutana, na kocha wa timu ya mkoa alikuwepo, anatafuta kipa. Kabla hawajatoka nyumbani, Romana akasema, "Mwanangu akikufunga leo, hizo glavu ziende jikoni, ziepulie sufuria."

"Sawa, mama," alijibu Theopista kwa hasira. Njiani akajuta. Glavu zile alizipenda jamani, na neno alilompa mkwe asingeweza kulimeza.

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila. Hapo Edina akawatoka mabeki, akabaki yeye na wifi yake.

Theopista akajikuta amesogea kushoto, karibu na nguzo. Miguu ilikuwa imejiendea yenyewe. Akatupa jicho pembeni: nyasi, na mbuzi mmoja anatafuna. Ninalinda nini hapa, mimi? Kisha likamjia la pili. Edina naye kakulia uani pale. Tangu azaliwe hajawahi kupiga upande wa muhogo. Mguu wake nao unauogopa mwiko.

Akatoka golini mbio, akambania njia, akiegemea kulia. Edina akapiga chini chini, kulekule kulia alikozoea. Theopista akauangukia mpira, akaukumbatia kama mtoto aliyeokotwa barabarani.

Edina akashika kichwa. "Wifi! Umeuacha muhogo wa mama!" Akacheka, ingawa ilimuuma.

Mechi ikaisha hivyo hivyo. Kocha akamwita Theopista, akamwambia ajiandae kwa kambi ya mkoa. Akashangilia, lakini alipogeuka kumtafuta Romana, mama alishaondoka bila kuaga. Usiku ule hakuna aliyetaja mpira.

Kesho yake jioni Theopista alitoka uani, akasimama ghafla. Pembeni mwa nguzo palikuwa peupe, pamefagiliwa. Romana alikuwa jikoni, anaepua sufuria kwa pindo la khanga yake.

"Mama, muhogo umeupeleka wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Kule kuna jua zuri," alisema Romana bila kuinua macho.

Na mtaa mzima unajua kwamba kule nyuma ni kivuli kutwa.