Mshubiri Ndani ya Kopo

Asubuhi ya kuaga tulikwenda kwa mama yake Loishiye, askari mwenzangu, magharibi ya Mlima Meru. Alikuwa akikamua. Akamaliza kwanza, akanawa, kisha akang'oa chipukizi la mshubiri kwenye ua na kulipanda ndani ya kopo la maziwa. Kwao kila jeraha la panga au mwiba lilipakwa utomvu wake, na kidonda kilichofunga kilihesabiwa kimepona.

"Huu hausumbui kwa maji," alisema.

Loishiye akalibeba kopo hadi mashariki ya Kongo, tulikopelekwa kulinda amani. Kikosini wakamwita Bwana Shamba.

Kisha kombora likaangukia kando ya handaki letu.

Kipande cha chuma kilimwingia Loishiye pajani.

Tabibu wa kikosi alikitoa, akajaza shashi ya kufungia vidonda ndani ya tundu, akaagiza lisizibwe, lijae nyama kutoka chini. Akaenda kambi ya pili kwa majeruhi wengine. Nyuma yake barabara ikakatwa.

Loishiye aliivuta ile shashi akaitupa. Kwao, kuacha kidonda wazi ni uzembe. Nilimkumbusha agizo.

"Tabibu anataka shimo," alisema. "Mama anataka ngozi. Wewe ungemsikiliza nani?"

Akakata jani, akapaka. Siku chache baadaye ngozi ilikuwa imefunga vizuri. Akatembea mbele yetu tumwone.

Ikaja homa.

Paja likawa gumu, la moto. Usaha ulikuwa umefungiwa chini ya ngozi ile safi.

Tabibu alipofanikiwa kurudi alipasua, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Helikopta haikuweza kutua kwa sababu ya risasi.

Alifariki kabla ya adhuhuri.

Tangu nistaafu nimesoma vitabu vya uuguzi, kimoja baada ya kingine. Vyote vinakubaliana na tabibu. Mshubiri unafaa kwa mkwaruzo na kuungua kidogo. Ndani ya paja haufiki.

Nilipokwenda kumpa mama pole, kopo lilikuwa limeshafika pamoja na begi la Loishiye. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza:

"Alijipaka?"

"Alijipaka, mama."

"Kikafunga?"

"Kikafunga."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi hakukosa dawa."



Mshubiri ule aliupanda kaburini kwa mwanawe. Umeenea, na majirani huja kukata. Kila nikimtembelea hunipa jani nirudi nalo nyumbani kwangu Kimandolu. Nalipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kulitumia.